Tunataka kusomesha vijana wa historia kwa jina la baba. Tuanzie wapi?

"Assalaam aleikum. Baba yetu alisomesha historia katika shule za upili hapa Lamu zaidi ya miaka 30, akafariki mwaka jana. Ameacha mama, wana wawili na mabinti watatu, mimi nikiwa binti wa pili. Wazazi wake walishatangulia. Kitinda mimba wetu ni mvulana wa miaka 16. Wanafunzi wake wa zamani na jamaa wamechanga shilingi 740,000 ili ufunguliwe ufadhili wa chuo kikuu kwa vijana wa Lamu wanaosoma historia. Akaunti ya mzee ina 460,000, na kuna duka lake mtaa wa Langoni linalotoa kodi ya 12,000 kwa mwezi. Tumeafikiana vyote viingie. Ami anasema tuvifanye wakfu. Kaka mkubwa anataka pesa zikae kwake, tulipie karo wanafunzi wanne kuanzia Septemba. Rafiki wa mzee anasema tupeleke zote chuo kikuu, wao ndio wanaoijua kazi hiyo. Wengine wanauliza kwa nini historia, si uuguzi. Mzee pia ameacha sanduku la madaftari, mahojiano aliyofanya na wazee wa Pate na Siyu. Tufanyeje?"

Waaleikum salaam, dadangu. Mola amrehemu mwalimu, na nyinyi awape subira. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na ndani yake nimeona hofu mbili: msije mkala haki ya mtu, na jina la mzee lisije likazimika baada ya miaka mitatu. Nitaanza na hiyo ya haki, maana ikiharibika hiyo, mengine yote yanaharibika nayo.

Umeandika "tumeafikiana vyote viingie". Hapo nakuomba msimame kwanza. Pesa mlizonazo si za aina moja. Zile 740,000 hazikuwa za mzee hata siku moja. Watu walizitoa kwa nia iliyotajwa, basi haziingii katika mirathi, na nyinyi hamna fungu humo. Mmeaminiwa tu. Lakini zile 460,000 na duka la Langoni vilikuwa mali yake, na alipofariki, baada ya kutolewa madeni yake na wasia kama aliacha, vikawa mali ya warithi. Laiti angeusia mwenyewe kwamba sehemu ya mali iwekwe wakfu, ingepita mpaka thuluthi. Kwa ulivyoandika, hakuusia. Na wanawe hawawezi kumwekea wakfu baada ya kufa kwake kana kwamba mali bado ni yake. Linalowezekana ni kila mmoja wenu kutoa fungu lake mwenyewe na kumwombea baba thawabu.

Haya, tupige hesabu. Mama ana thumni, yaani moja kwa nane. Zinazobaki, saba kwa nane, zinagawanywa baina ya watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Kwa hivyo katika thumni nane za mali yote, mama ana moja, kila binti ana moja, kila mwana ana mbili. Thumni ya 460,000 ni 57,500. Mdogo wenu wa miaka 16 ana 115,000 katika akaunti ile na robo nzima ya duka.

Robo hiyo haiguswi. Hata yeye akikwambia leo kwa machozi kwamba anampa baba, haiguswi. Mlezi wa mali ya mtoto amewekwa ailinde na kuikuza, hakuwekwa aitoe sadaka. Atakapokuwa mtu mzima mwenye kujua la kufanya na mali yake, muulizeni tena, na akisema hapana, msimnunie. Nimeshuhudia familia iliyomsahau mtoto kwa nia njema kabisa. Miaka tisa baadaye yule mtoto, sasa kijana mwenye mke, alikwenda mahakamani kuidai haki yake, na jina la marehemu likawa linatajwa kwa ugomvi badala ya dua.

Na mama yenu muulizeni faraghani, si barazani mbele ya mashemeji. Mjane mpya hukubali mengi hadharani kwa ajili ya heshima. Huenda thumni yake ndiyo atakayohitaji kwa dawa.

Tuseme basi watu wazima wote wameridhia kwa moyo mmoja. Mtakuwa na 345,000 kutoka akauntini, 740,000 za mchango, na robo tatu ya duka.

Sasa maneno ya ami. Ana haki, ila neno "wakfu" limebeba mambo ambayo si kila mtu anayatazama. Asili yake ni habari ya Sayyidna Umar, aliyepata shamba Khaybar akamwendea Mtume kutaka shauri. Akaambiwa, akipenda, aizuie asili na atoe sadaka matunda yake. Haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Mkilielewa hilo, mmeelewa ufadhili wa kudumu wowote duniani, hata wa wasiokuwa Waislamu. Alfred Nobel alifariki 1896, mali yake ikawekezwa, na tangu 1901 zawadi za jina lake hutoka kwenye mapato. Mnazi unabaki shambani, mnachoangua ni madafu. Siku mtakayoukata mnazi ili mpate madafu ya haraka, mtakunywa siku hiyo tu.

Wengi hudhani wakfu ni lazima uwe ardhi kubwa au msikiti. Siyo. Robo tatu ya duka inaweza kuwekwa wakfu, ijapokuwa haijagawanywa, na robo ya mtoto ikaendelea kuwa yake na kodi yake akalipwa kila mwezi. Ugumu uko kwenye pesa taslimu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata pwani, ni kwamba wakfu huwekwa kwenye kitu kinachonufaisha huku chenyewe kikibaki, na pesa ukizitumia zimekwisha. Wanazuoni wa madhehebu mengine waliruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Muscat mwaka 2004 lilikubali wakfu wa pesa kwa masharti ya kulinda asili yake. Mimi si mufti. Mwendeeni Kadhi au shekhe mnayemwamini na swali hili hili. Wapo watakaowaambia mnunue kitu kinacholeta kodi, kisha hicho ndicho kiwe wakfu.

Jambo moja dogo hapa, lakini msilipite: waulizeni waliochanga kama kuna aliyetia zaka yake humo. Zaka haizuiliwi ikakaa ikizaa. Ina wenyewe na inatakiwa iwafikie. Kama ipo, itengeni leo, mpeni mwanafunzi fukara anayestahiki, na msiihesabu tena katika mfuko.

Nije kwa kaka mkubwa. Simlaumu, anataka kuona matunda ya kazi ya baba yake upesi. Lakini tuutazame mpango wake. Tuseme wanafunzi wanne, kila mmoja 70,000 kwa mwaka, ni 280,000. Pesa taslimu mlizonazo ni 1,085,000. Miaka mitatu zitatoka 840,000, zitabaki 245,000, na mwaka wa nne hazitoshi. Vijana wale wale mliowabeba watasimama mlangoni mwa chumba cha mtihani wa mwisho wakidaiwa karo, na hawakuwa wametafuta pengine kwa sababu waliwategemea nyinyi. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kusaidia kuufunga mfuko wa namna hiyo. Msichana mmoja aliniuliza, kama mlijua hazitafika, mbona mlinianza? Sikuwa na jibu. Kama mnataka njia ya kula asili, na si haramu kuichagua kwa zile pesa za mchango iwapo wachangaji wanakubali, basi beba mwanafunzi mmoja au wawili kwa miaka yote minne, pesa yao yote ikiwa imetengwa kabla hajaingia darasani, na mtangaze tangu mwanzo kwamba mfuko una mwisho.

Njia ya kula mapato tu, hivi ndivyo inavyokaa. Duka linatoa 144,000 kwa mwaka. Robo tatu ni 108,000. Lakini nyumba za Lamu mnazijua, mawe ya matumbawe na chokaa, chumvi inakula ukuta, na paa halikungoji upate pesa. Kuna na miezi duka litakaa bila mpangaji. Wekeni kando theluthi nzima, zibaki 72,000. Hizo 1,085,000, kama ziko kwenye akaunti ya mudharaba ya benki ya Kiislamu, ambayo benki hufanyia biashara pesa zenu mkagawana faida, na mwaka huo faida imefika asilimia 8, zitazaa 86,800. Usifurahi mapema. Benki Kuu ya Kenya yenyewe hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, maana yake mkila faida yote, baada ya miaka 15 milioni yenu itanunua chini ya nusu ya inachonunua leo. Rudisheni asilimia 5, yaani 54,250, ndani ya asili. Zinabaki 32,550. Jumlisha na za duka: laki moja na elfu nne na kitu kwa mwaka. Mwaka mbaya, chini ya hapo.

Najua umetarajia kubwa zaidi. Lakini laki moja inayokuja kila mwaka, hata mjukuu wa mdogo wenu akiwa chuoni, ni kitu kikubwa sana ikipelekwa mahali pake. Na mahali pake, kwa maoni yangu, si karo.

Tangu 2023 mwanafunzi aliyepangiwa chuo cha umma huomba ufadhili wa serikali na mkopo, na familia hulipa fungu linalobaki. Kuna HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kuna basari za kaunti na za maeneo bunge. Hazitoshi, foleni ni ndefu na wengi huumia, lakini milango ipo. Elfu 25 zenu juu ya karo zitamezwa kama tone baharini na hakuna atakayejua zilikwenda wapi. Sasa niulize: nani anamlipia mwanafunzi wa historia utafiti wake? Hakuna. Kijana wa Faza anayeandika tasnifu juu ya usultani wa Witu, ule uliowekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885 na kukabidhiwa Waingereza kwa mapatano ya 1890, anahitaji kukaa siku kadhaa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Anahitaji nauli, malazi, nakala. Pengine avuke hata Zanzibar, kwa sababu Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa kule na barua nyingi zimehifadhiwa kule. Anahitaji boti ya kwenda Siyu na kurudi mara tatu, kwa sababu mzee wa kuhojiwa siku ya kwanza alikuwa mgonjwa na ya pili alikuwa matangani. Asipokuwa nazo, anaandika tasnifu yake maktabani kutokana na vitabu vya watu waliokuja Lamu msimu mmoja. Vijana wetu wenye akili wanalazimika kunukuu wageni juu ya mitaa yao wenyewe, na jambo hili linaniuma.

Elfu 35 zinamaliza safari kama hiyo. Laki moja inatosha safari mbili kwa mwaka, ikabaki ya tuzo ndogo kwa tasnifu bora na ya kupiga chapa nakala. Miaka 10 ni vijana 20. Wekeni sharti moja tu lisilolegezwa: nakala ya kazi irudi Lamu, iwekwe maktaba ya Ngome au Makumbusho, na mwenye kazi aje aisome mbele ya wanafunzi wa shule moja aliyosomesha mzee. Hapo jina lake litatajwa kwa kazi aliyoifanya.

Waelezeni na wale wa uuguzi, kwa upole. Wanasema kweli kwamba ajira za walimu wa historia ni chache, na mwanafunzi asifichwe hilo. Lakini Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001. Mji huu unakula kwa historia yake: mwongozaji wa watalii, fundi wa milango ya nakshi, mtunza Makumbusho. Na historia inalinda pia. Kesi ya wavuvi juu ya bandari ilipoamuliwa na Mahakama Kuu Aprili 2018, haki ya utamaduni wa watu wa Lamu ilikuwa miongoni mwa haki zilizosemwa kuwa zimevunjwa. Kuonyesha mbele ya hakimu kwamba watu wana utamaduni wao na mahali pao kunataka mtu aliyejifunza kuusaka ushahidi na kuupanga. Kuna jingine linalosahaulika: kijana wa Lamu aliyepita madrasa kwa mwalimu akajifunza Kurani anaweza kuzisoma barua na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtafiti wa mbali hutumia miaka kujifunza alichojifunza mtoto huyo kabla ya darasa la nne.

Kuhusu kupeleka pesa zote chuo kikuu, si wazo baya, ila halifanyi kazi kama rafiki wa mzee anavyodhani. Kila chuo kina kiwango chake cha chini cha kukubali mfuko wenye jina, na mkishatoa, uamuzi si wenu tena isipokuwa yale yaliyoandikwa. Kinachowafaa zaidi ni kubaki na asili nyinyi, kisha mkazungumza na idara ya historia ya chuo kimoja au viwili. Pwani University pale Kilifi ni karibu na ina vijana wetu wengi. Idara itangaze, ithibitishe kwamba mwombaji ni mwanafunzi kweli na mada yake imekubaliwa, na msimamizi wake wa tasnifu aandike barua. Waombaji wawe wa mwaka wa tatu na wa nne, si wa kwanza. Wa kwanza wengi bado hawajajua kama watabaki na historia. Wa shahada ya ualimu wenye somo la historia msiwaache nje, mzee alikuwa mmoja wao. Na wa akiolojia pia. Waliochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980 walitupa ushahidi wa misikiti ya zamani ambao hakuna barua ingeuleta.

Kamati iwe ya watu watano: wawili wa familia, mmoja kati ya wanafunzi wake wa zamani, mwalimu wa historia aliye kazini, na mtu wa Makumbusho. Mpwa akiomba, jamaa yake atoke chumbani. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili lazima wakubaliane, na taarifa ya benki itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wachangaji kila miezi sita bila kuombwa. Kaka yako aweza kuwa mmoja wa watia saini. Zisikae kwake peke yake, na mwambieni hivyo mapema kwa mapenzi: mnamkinga yeye. Akifikwa na ajali kesho, pesa zilizo kwa jina lake zitaonekana ni za mirathi yake mwenyewe, na wanawe wanaweza kuzidai.

Yapo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Anzeni Mahakama ya Kadhi hapo Lamu kwa mirathi, na nendeni warithi wote. Bila karatasi za usimamizi wa mirathi benki haitawapa zile 460,000. Ofisi ya ardhi ithibitishe duka limeandikwa kwa jina la nani, kwa sababu nyumba nyingi za mji wetu zimerithiwa vizazi vitatu bila hati kubadilishwa, na huwezi kuweka wakfu ambacho karatasi inasema ni cha babu mkubwa. Mkishajua hayo, Tume ya Wakfu yenye ofisi Mombasa itawaeleza usajili. Kwa pesa za mchango, wakili awaandikie hati ya udhamini (trust) chini ya Sura ya 164 ya Sheria za Kenya, ili mfuko uwe na uhai wake usiokufa mtu anapokufa, kisha muombe msamaha wa kodi kwa Mamlaka ya Mapato kwa sababu kazi yake ni elimu. Ulizeni ada ya wakili kabla hajashika kalamu. Mkianza mwezi huu, msiahidi mtu chochote Septemba hii. Mwakani ni mapema vya kutosha.

Limebaki sanduku. Umelitaja mwishoni kama nyongeza, na mimi ndilo lililoniondolea usingizi. Wengi wa wazee wale aliowahoji huenda wamekwishazikwa, na sauti zao hazipo popote ila humo. Yatoeni madaftari kwenye sanduku wiki hii, kabla ya masika. Msiyaanike juani. Yapangeni mahali pakavu, mbali na ukuta na mchwa, kisha kijana mwenye simu nzuri apige picha kila ukurasa, pamoja na majalada na vikaratasi vilivyochomekwa, na nakala zikae sehemu tatu tofauti. Kurasa zenye siri za watu, ndoa na ugomvi wa ardhi, mziweke kando mpaka mzungumze na familia zao. Kisha muulizeni mtu wa Makumbusho namna ya kuhifadhi yenyewe. Ufadhili wa kwanza, safari ya kwanza ya elfu 35, mpeni mwanafunzi atakayekwenda Pate na Siyu na madaftari hayo mkononi, awatafute watoto na wajukuu wa waliohojiwa, na awasomee walichosema wazee wao.